Betri za Redio kwenye Tochi ya Baba

Tulipomaliza matanga ya Baba, wadogo zangu waligawana alivyoviacha kwa utaratibu ambao sikuwa na nguvu ya kuubishia. Baiskeli ilikwenda kwa mmoja, cherehani ya marehemu Mama kwa mwingine, viti vikaachwa kwa atakayebaki na nyumba. Mwishoni likabaki begi moja la turubai, kijani chake kimefifia, na hakuna aliyelitaka. "Chukua wewe, dada, wewe ndiye mkubwa," akasema mdogo wangu wa mwisho, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kulala. Nikalichukua. Nilikuwa nimemuuguza Baba miezi mingi, kile kifua cha vumbi la mwamba ambacho hakiponi, na siku hiyo ningepokea hata gunia la mawe, mradi niruhusiwe kukaa chini.

Nililifungua peke yangu, mlangoni. Ikanijia puani harufu ya kamba ya katani na ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na palepale nikawa mtoto wa darasa la tatu tena, mtaani kwetu Nyasubi, katika nyumba yetu ya vyumba viwili yenye ua tuliotumia na wapangaji wengine. Nikakumbuka jinsi nilivyolichukia begi lile.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alikuwa akienda maporini upande wa Geita, anakaa wiki nyingi, anarudi na nguo ngumu kwa tope, analala siku mbili mfululizo, kisha anaondoka tena. Rafiki yake wa kazi aliitwa Mabula. Walishuka pamoja katika shimo moja, wao waliita duara, na siku moja ukuta wa duara lile uliporomoka juu yao. Walikaa chini siku tatu. Watu walipowafikia, Baba alikuwa hai na Mabula alikuwa amekufa. Haya nayajua sasa. Wakati ule sisi watoto tuliambiwa tu kwamba Baba anaumwa na tusipige kelele.

Aliporudi nyumbani hakwenda tena machimboni. Akawa fundi baiskeli karibu na soko, kazi ya juani na ya wazi, na kila alichopata nje ya chakula chetu kiliingia kwenye begi. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono wake ungelifikia akiwa ameketi kitandani.

Alikuwa na mapenzi yake kwenye vitu, na hakuna aliyeweza kumbadilisha. Tochi ilipaswa kuwa ya bati, ndefu, ya betri mbili kubwa. Aliifungia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili aweze kuivaa kichwani. Zile za plastiki zenye mkanda wake kabisa hakuzitaka. Alisema zikianguka mara moja, kinachobaki ni kelele. Kamba yake ilikuwa ya katani, kwa kuwa ya nailoni ikilowa tope huteleza na kuchoma viganja. Mama alimnunulia mabuti ya mpira, mazuri, akayatazama muda mrefu na kumshukuru, halafu akaendelea na makatambuga yake ya tairi. "Buti likijaa maji linakushika mguu," alisema. "Katambuga unalivua, unaliacha hukohuko." Kulikuwa na kidumu cha mafuta ya kula alichokijaza maji, chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa, na filimbi ya njano kama ya mwalimu wa michezo. Filimbi ndiyo iliyonishangaza zaidi, maana Baba hakuwa mtu wa kelele hata kidogo. Nilipomuuliza ni ya nini, aliigeuzageuza kiganjani.

"Sauti inaisha," akasema. "Hii haiishi."

Nikadhani anazungumzia mpira wa miguu.

Na kulikuwa na matobolwa. Bibi, mama yake Baba, aliishi Masumbwe, na kila baada ya mavuno alitutumia mfuko wa viazi vitamu alivyovichemsha, akavikata vipande na kuvianika juu ya mwamba hadi vikawa vya kahawia na vigumu kama ngozi. Sisi tulivila kama pipi. Baba alichagua vile vyenye kingo nyeusi kidogo, vilivyoungua sukari, akavijaza kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga kwa mpira. Mama alipompa wazo la biskuti, alitikisa kichwa. Biskuti zinakausha mdomo na zinaisha haraka. Tobolwa moja unaweza kulimung'unya asubuhi mpaka mchana, na utamu wake unakuja polepole, kama mtu anayekusimulia kitu.

"Kule chini," aliniambia siku moja, "nilikula matobolwa ya bibi yako."

"Ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo. Nilikula kwa mawazo. Nadhani nilimaliza kopo zima."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania kuhusu kule, na hata hiyo sina hakika kama ulikuwa utani.

Kila Jumapili baada ya kanisa alitandika mkeka, akamwaga begi lote, akakagua kimoja kimoja. Mama alikuwa akipita na ndoo, anamzunguka. Alikuwa amechoka na mkeka ule. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba anaishi na mume mmoja nyumbani na mwingine yuko bado shimoni, na kwamba yule wa shimoni ndiye anayekula chakula kingi.

Kosa langu lilianzia kwa Zuhura. Zuhura alikuwa rafiki yangu, mtoto wa chumba cha tatu, na baba yake alikuwa ameondoka kwenda Geita mjini, mtaa wa Kalangalala, kutafuta maisha. Hakurudi. Walisikia tu kwamba ana mke mwingine. Siku moja Zuhura aliona begi nyuma ya mlango wetu, akalitazama kama mtu mzima.

"Baba yangu naye alianza hivihivi," akasema. "Alikuwa analipanga kidogo kidogo. Kumbe alikuwa anaondoka."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Kila kitu kilichokuwa mle ndani kikageuka ushahidi. Maji ya safari. Kamba ya kufungia mizigo. Viatu ambavyo havikai nyumbani. Chakula ambacho hatukuruhusiwa kugusa, kilichochaguliwa kizuri kuliko chetu, na kwa nini mtu anayeishi nasi achague chakula chake pembeni? Niliona wazi kwamba Baba anangoja tu begi likamilike. Basi nikaamua lisikamilike kamwe.

Nilikuwa na akili ya kutosha kufanya madhara. Nilijua analikagua Jumapili, kwa hiyo nilianza Jumatatu. Nilitoa betri za tochi nikazitia kwenye redio yetu, na zile za redio, zilizokuwa zimechoka kiasi cha Mama kuzianika juani na kuzing'ata ili zisogee siku mbili zaidi, nikazitia kwenye tochi. Uzito ulikuwa uleule. Redio ikaanza kuzungumza kwa nguvu, na Mama akafurahi, akasema jua la juzi lilikuwa kali. Matobolwa tuliyamaliza mimi na Zuhura nyuma ya bafu kwa siku mbili, na kopo nikalijaza magunzi ya mahindi niliyoyavunjavunja ili likitikiswa litoe sauti. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijisikia mtu aliyeokoa familia yake.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha, ikakatika, jua likawaka. Ng'ambo ya ua wetu alikaa Mzee Saidi, mtu wa Tanga aliyeuza khanga na vitenge sokoni, na kwake kulikuwa kunachimbwa shimo jipya la choo. Mchimbaji alikuwa Masanja, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, aliyekuwa akiimba akichimba hadi tukazoea kusikia sauti ikitoka ardhini. Siku ile sauti ilikatika katikati. Kisha tukasikia mke wa Mzee Saidi akiita watu, haiti kwa jina, anaita tu.

Baba alikuwa amekuja nyumbani kula. Alisimama na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani taratibu, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua begi, akatoka. Mama alimfuata. Na mimi nikamfuata Mama, nikidhani kwamba siku ya kuondoka imefika.

Upande mmoja wa shimo ulikuwa umemeguka. Masanja alikuwa chini, kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, amefukiwa mpaka kwenye mbavu. Alikuwa akiguna tu. Wanaume walikuwa wamejaa mdomoni mwa shimo na majembe, wengine wakivua mashati ili waruke.

"Rudini nyuma," Baba akasema. Hakupaza sauti. "Mkiruka mtamwangushia ukuta wa pili. Mzee Saidi, nipe milango ya stoo. Nahitaji mbao za kuzuia."

Walimsikiliza. Sijui kama ni kwa sababu ya begi au kwa sababu kila mtu pale alijua habari zake. Milango iling'olewa. Kamba ya katani ilifungwa kwenye shina la mwarobaini, naye akajifunga kiunoni. Akavaa tochi kichwani, akabonyeza.

Ikatoa doa jekundu, kama kaa la moto linalozimika. Kisha haikutoa chochote.

Akaivua, akaigonga kiganjani, akabonyeza tena. Nilimwona uso wake. Nimeona watu wengi wakiwa na hofu tangu siku hiyo, nilimwona yeye mwenyewe akifa, lakini sijaona tena uso kama ule. Alichungulia lile giza, akatazama ile tochi, akarudi nyuma hatua moja mbele ya watu wote. Nilitaka kusema. Nikajificha nyuma ya Mama.

Kutoka chini Masanja akasema, "Kaka, usiniache."

Baba akafumba macho. Alipoyafumbua alimgeukia Mama. "Mama Kabula, pale kwa Mzee Saidi kuna kioo kirefu wanachojitazamia wanawake wanapojaribu khanga. Kilete. Simama pale kwenye jua, unimulikie."

Mama alikimbia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Akarudi amekikumbatia kioo kirefu kuliko kifua chake, akasimama kwenye jua, akakigeuza huku na huku mpaka mraba wa mwanga ukaruka ukutani, ukapita kwenye miguu ya watu, ukaingia shimoni. Baba akashuka.

Ilichukua muda mrefu sana. Alikandamiza milango kwenye kuta, akaifungia magogo, akaanza kufukua kwa mikono na kwa sufuria, udongo ukapandishwa kwa ndoo. Kila wingu lilipopita mwanga ulikatika, na tulimsikia Baba kule chini akihema haraka haraka, kama aliyekimbizwa, na Mama akizungumza naye kutoka juu kwa sauti ya jikoni kabisa. "Nipo, Baba Kabula. Ni wingu dogo. Linapita. Haya, limepita." Mtu alipotaka kumpokea kioo alikataa.

Masanja alianza kusinzia. Baba alijua maana ya kusinzia kule. Nikamsikia akisema, "Usilale. Ngoja nikupe kitu ukimung'unye." Kisha mlio wa mpira ukifunguliwa kwenye kopo.

Halafu magunzi yakagonga bati la kopo.

Nilikaa chini kwenye tope. Nilijua anatazama nini.

Kisha sauti yake ilipanda tena, tulivu. "Masanja, kwenu mama yako hutengeneza matobolwa?"

"Ndiyo, kaka."

"Yale yenye kingo nyeusi?"

"Ndiyo."

"Chukua moja. Liweke shavuni. Usilitafune, linamung'unywa. Limeanza kulainika?"

Tulimsikia Masanja akimung'unya. Kisha akasema kwamba ndiyo, limeanza. Basi wakaendelea hivyo, Baba akifukua na kumpa matobolwa ambayo hayakuwepo, moja baada ya jingine, akimuuliza utamu umefika wapi, hadi kiuno kikaonekana, hadi mapaja, hadi wanaume kumi wakashika kamba wakamvuta juu. Mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Alikuwa hai.

Baba alipanda wa mwisho. Alikwenda kuegemea ukuta wa Mzee Saidi akatapika, na Mama akakiweka kioo chini kwa uangalifu kama mtoto aliyelala, akaenda kumshika mgongo.

Nyumbani, alipokwisha oga, alitandika mkeka ingawa haikuwa Jumapili. Akafungua tochi. Betri zikamdondokea kiganjani, akazigeuza mpaka akaona alama za meno ya Mama. Akatazama redio. Kisha akamwaga magunzi ya kopo juu ya mkeka, yakasambaa. Mama aliyaona, akaweka mkono mdomoni.

"Sikugusa kitu mimi," akasema. "Nilichoka nalo, lakini sikuligusa."

"Najua," Baba akasema.

Nikasema ni mimi. Nilitegemea kofi. Aliniuliza kwa nini.

"Nilitaka usiondoke. Kama baba yake Zuhura."

Alinitazama, macho yake mekundu kwa udongo. "Niende wapi, Kabula?" akasema. "Mimi nimechoka hata kwenda sokoni."

Mama akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akatoka nje. Baba alinivuta nikakaa kwenye mkeka, katikati ya magunzi. Aliniambia nilichofanya kingeweza kumuua mtu. Alilisema bila ukali, kama anavyosema fundi kwamba breki hii haishiki, na kwa sababu hiyo sijalisahau. Nililia mpaka nikachoka. Alingoja nimalize.

"Umesema mwenyewe, kabla hujakamatwa," akasema mwishoni. "Mimi nina jambo mwaka wa pili huu sijalisema."

Jumamosi alinichukua. Alimwambia Mama tunakwenda kwa mke wa Mabula, na Mama akanipaka mafuta na kunifunga viatu. Tulipanda basi, kisha tukatembea katikati ya mashamba ya pamba, Baba mbele, mimi nyuma, na mara mbili alisimama kana kwamba ameipoteza njia, wakati njia ilikuwa moja. Alikuwa hajafika pale tangu Mabula afariki; siku ya mazishi yeye alikuwa kitandani.

Mke wa Mabula tulimwita Mama Limi. Tulimkuta akipepeta mtama uani, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba. Baba akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, shemeji," na Mama Limi akaitikia, akatuletea vigoda, akaendelea kupepeta. Alipepeta ungo mzima kabla Baba hajaanza.

"Shemeji," akasema, "kule chini tulikuwa na maji kidogo. Yalikuwa yangu. Siku ya kwanza tuligawana. Siku ya pili Mabula alikuwa amepiga kelele za kuomba msaada mpaka sauti ikamwisha, na koo lilikuwa limemkauka. Aliniuliza kama yamebaki. Nilimwambia yamekwisha." Akasogeza kigoda chake. "Hayakuwa yamekwisha. Nilikunywa gizani, polepole, asinisikie."

Ungo ulikuwa umesimama. Mimi nilimtazama Baba kana kwamba ni mtu nisiyemjua, na kwa namna fulani nilimjua siku ile zaidi ya siku zote. Nilielewa, kwa kiasi mtoto anavyoweza, kwamba lile begi halikuwa la safari yoyote. Lilikuwa la siku ile ya pili. Alikuwa anaipanga upya, kila Jumapili, ili awe na cha kutosha watu wawili.

Mama Limi hakulia. Aliangalia kuku, akaangalia mbali kwenye pamba, kisha akaangalia mikono ya Baba, iliyokuwa bado na majeraha ya Alhamisi.

"Watu walikuja hapa kuniambia amekufa kishujaa," akasema. "Kila mmoja na hadithi yake. Hakuna aliyeniambia kwamba aliomba maji."

"Nisamehe."

"Sijui," akasema. "Labda baadaye. Leo nimechoka." Akaweka ungo chini, akajifuta mapajani. Kuku wakausogelea mtama, wakaula bila kufukuzwa. Halafu akanyoosha kidole kuelekea jikoni, kibanda cha nyasi kilichoinama upande mmoja. "Paa lile linavuja. Mabula alisema atalitengeneza akirudi. Nimepika humo masika mawili nikiwa nimejifunika gunia."

Baba akasimama. Akalizunguka jiko mara moja, akagusa nguzo, akavuta nyasi moja ikakatika mkononi. Kisha akavua shati lake la kanisani, akanipa nilishike, akauliza ngazi iko wapi.